Watu wa Maabara Wanafanya Nini na Damu ya Mtoto?

Leo sitaeleza juu ya dawa, wala juu ya kuchimba choo. Nitaeleza juu ya watu ambao wengi wetu hatujawaona kwa macho, ingawa damu yetu na choo cha watoto wetu huwafikia. Ni watu wa maabara za utafiti za vyuo vikuu, wanaotafuta virusi na kingamwili. Maneno hayo mawili nitayaeleza huko mbele. Kwanza niseme kwa nini nimeamua kuandika.

Mimi ni mganga msaidizi katika zahanati ya kijiji, Wilaya ya Mbulu. Siku moja ya masika bibi mmoja alikuja na mjukuu wake, mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mtoto alikuwa na homa, mafua, macho mekundu, na vipele mwili mzima. Nikashuku surua. Mtoto mwenye dalili hizo tunatakiwa kumtoa damu kidogo, ipelekwe maabara ya taifa Dar es Salaam, ili ijulikane kama ni surua kweli, au rubela, au ugonjwa mwingine. Nikatoa bomba la sindano.

Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, damu hiyo unaipeleka wapi?"

"Inakwenda kupimwa, bibi."

"Inapimwa na nani?"

"Na wataalamu."

"Wataalamu gani? Wewe unawajua?"

Sikuwajua. Nikasema tena kwamba ni wataalamu, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, kama afanyavyo mtu anayetaka aonekane anajua. Bibi akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka. Kesho yake nilimfuata nyumbani nikampa mtoto vitamini A na dawa ya homa, naye akapona. Lakini damu sikupata, na ugonjwa ule hatukuujua ulikuwa nini. Na katika kaya za jirani walikuwako watoto wachanga ambao hawajafikia miezi 9, umri wa chanjo ya kwanza ya surua.

Kosa lilikuwa langu. Bibi aliuliza swali la haki, nami nilipaswa kuwa na jibu. Basi nikaanza kusoma na kuwauliza wenzangu walionitangulia kazini. Haya ndiyo niliyoyapata.

MANENO YA MUMIANI

Wazee wanakumbuka habari za mumiani, yaani watu wanaosemekana kuwavizia wenzao usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Maneno hayo yalienea Afrika Mashariki yote wakati wa ukoloni. Mimi siwacheki wanaoyasema. Wakati ule wataalamu wa kigeni walifika vijijini, wakachomachoma watu sindano, wakajaza vichupa, wakaondoka. Huko Entebbe, Uganda, ilianzishwa mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, na watu wake walikusanya damu katika nchi zetu hizi ili wajue ugonjwa huo umefika wapi. Kazi ilikuwa ya maana. Ila mwanakijiji aliyetolewa damu ni nani aliyekaa naye akamweleza? Mtu akichukua kitu chako bila kukueleza sababu, sababu utaitafuta mwenyewe.

Damu inayotolewa kwa mtoto kwa kipimo cha namna hii ni kama kijiko kimoja cha chai. Mwili huirudisha upesi. Haitoshi kutengeneza dawa ya mtu hata mmoja.

VIRUSI NI NINI?

Virusi ni vijidudu vidogo mno. Darubini ya zahanati inaonyesha vijidudu vya malaria, lakini virusi haviwezi kuonekana kwa darubini hiyo. Kupe asipompata mnyama hapati chakula. Kirusi nacho kisipoingia ndani ya chembe hai ya mwili hakiwezi kuongezeka. Kikiingia, huifanya chembe ile iwe kiwanda cha kutengeneza virusi wengine kama hicho. Surua huletwa na virusi. Polio pia, na kichaa cha mbwa, na Ukimwi. Hata kuhara kwingi kwa watoto wachanga huletwa na virusi.

Kingamwili ni askari ambao mwili wenyewe huwatengeneza ili kupigana na vijidudu. Wafugaji wa Hanang wataelewa jambo hili haraka. Ng'ombe wana alama, na mwenye ng'ombe huitambua alama yake hata katikati ya kundi la watu kumi mnadani. Kingamwili nazo ziko hivyo. Ile ya surua huitambua alama ya kirusi cha surua tu. Kirusi cha polio kikipita mbele yake haishughuliki nacho.

Ziko kingamwili za mwanzo na ziko za kudumu. Za mwanzo hutokea mtu anapougua, kisha baada ya wiki kadhaa hupungua na kuisha. Za kudumu huja nyuma yake na hukaa miaka mingi, na kwa surua hukaa maisha yote. Kwa hiyo mtu wa maabara akiona katika damu ya mtoto kingamwili za mwanzo za surua, anajua kwamba ugonjwa ni wa sasa hivi. Akiona za kudumu peke yake, anajua kwamba mtoto aliugua zamani au alichanjwa. Damu inatunza kumbukumbu. Mama anaweza kusahau, na kadi ya kliniki inaweza kuliwa na mchwa, lakini damu haisahau.

UTAFITI WA HAYDOM

Tuje nyumbani. Baadhi ya wasomaji wa Haydom na vijiji vya jirani wanakumbuka kwamba tangu mwishoni mwa mwaka 2009 hadi mwaka 2014 vijana walikuwa wakizunguka nyumba kwa nyumba kuwatazama watoto wachanga. Wakati ule mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Huo ulikuwa utafiti wa nchi 8: Tanzania, Afrika Kusini, Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil na Peru. Kwa Tanzania mahali palipochaguliwa ni Haydom, katika Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, katika mji wa Charlottesville, Marekani, walishirikiana na watu wa Haydom. Swali lao lilikuwa hili: kwa nini watoto wengi wa sehemu kama zetu wanaharisha mara kwa mara, hawakui vizuri, na chanjo nyingine haziwashiki sawasawa?

Hapa kwetu walifuatiliwa watoto zaidi ya 200, kila mmoja tangu kuzaliwa hadi miaka 2. Mtu wa kwanza katika kazi hii hakuwa profesa. Alikuwa kijana wa hapa hapa, anayejua Kiiraqw au Kidatoga, anayeijua njia ya mkato ya kupita kwenye korongo. Alifika kwa kila mtoto mara mbili kwa wiki. Aliuliza: mtoto ameharisha mara ngapi? Ana homa? Ananyonya? Kila mwezi alichukua choo kidogo cha mtoto katika kichupa, hata kama mtoto ni mzima, na alichukua tena kila mtoto alipoharisha. Damu ilitolewa mara chache tu, mtoto akiwa na miezi 7, miezi 15 na miezi 24.

Naomba tuheshimu kazi ya kijana huyu. Kuna watu waliocheka: "Mtu mzima anasomeshwa ili aje kubeba mavi ya watoto!" Lakini akichelewa juani, au akichanganya vichupa vya watoto wawili, kazi yote ya mbele inaharibika. Hata profesa wa Marekani hawezi kuitengeneza.

NDANI YA MAABARA

Kichupa kikifika maabara hupokelewa na mtu anayekiandika daftarini. Jina la mtoto haliandikwi juu ya kichupa. Huandikwa namba. Kuanzia hapo watu wa maabara wanajua namba tu. Hawajui kama ni mtoto wa mwenyekiti wa kijiji au wa mchunga mbuzi.

Kisha sehemu ya choo au damu huwekwa katika jokofu kali sana, lenye baridi ya nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Nyama ukiiweka humo inakuwa kama jiwe. Yuko mtu wa kuliangalia jokofu hilo usiku na mchana. Umeme ukikatika lazima jenereta liwake mara moja, maana kazi ya miaka 2 inaweza kuyeyuka kwa siku moja. Mtu huyo haandikwi katika vitabu, nami nadhani angestahili.

Halafu kuna mpimaji. Huyu ana kisahani cha plastiki chenye vishimo vidogo 96. Tuseme anatafuta virusi vya rota, ambavyo huharisha watoto. Chini ya kila kishimo zimebandikwa kingamwili zinazoijua alama ya kirusi hicho. Kingamwili hizo hupatikana kwa wanyama, kama sungura au panya, ambao miili yao imefundishwa kuzitengeneza. Mpimaji humimina humo choo cha mtoto kilichochanganywa na maji maalumu. Kama kirusi kimo, kinanaswa. Kama hakimo, hakuna kinachonaswa. Kisha anaosha. Anaongeza kingamwili nyingine iliyofungwa kitu cha kuleta rangi. Anaosha tena. Mwisho anatia maji ya rangi na kusubiri. Kishimo chenye kirusi hugeuka rangi, na kisichokuwa nacho hubaki cheupe.

Kwa damu kazi hugeuzwa. Kirusi kilichouawa ndicho kinachotangulia kubandikwa kishimoni, na damu ikimiminwa kingamwili zake hukishika. Ndiyo njia ambayo watu wa maabara hugundua surua.

Ni kazi ya kuosha zaidi kuliko unavyofikiri. Mtu asiyeosha vizuri huleta rangi mahali pasipo na kirusi, na jibu lake linakuwa la uongo. Ndiyo sababu kila kisahani huwekewa kishimo kimoja kinachojulikana kwamba kirusi kimo, na kingine kinachojulikana kwamba hakimo. Hivyo viwili vikitoa majibu mabaya, kisahani kizima kinatupwa na kazi inaanza upya, hata kama ni saa kumi na moja jioni na watu wanataka kwenda nyumbani.

Huko Charlottesville, watu wa maabara ya Dakta Eric Houpt walitengeneza kipimo kingine: kadi yenye vishimo 384, inayoweza kutafuta aina nyingi za vijidudu vya tumbo kwa wakati mmoja. Kadi hiyo haitumii kingamwili. Inatafuta chembechembe za urithi za kila kijidudu. Katika maabara ya namna hiyo kuna profesa anayeuliza swali, kuna madaktari, kuna mafundi wa maabara waliozoea kazi kwa miaka mingi, na kuna wanafunzi wanaojifunza. Kuna pia watu wa hesabu, ambao hawashiki kichupa hata kimoja. Wao wanakaa na namba maelfu kwa maelfu mpaka ziseme jambo.

MAMA RUTH BISHOP

Hicho kirusi cha rota nacho kina historia yake. Kabla ya mwaka 1973 madaktari hawakujua ni kitu gani kinachowaharisha watoto wengi kiasi kile. Walitafuta bakteria, mara nyingi wakakosa. Mwaka huo, katika mji wa Melbourne, Australia, mama mmoja mtafiti jina lake Ruth Bishop na wenzake walichukua vipande vidogo sana vya utumbo wa watoto waliokuwa wanaharisha. Mwenzao Ian Holmes wa Chuo Kikuu cha Melbourne alivitazama kwa darubini yenye nguvu sana, ile inayotumia umeme badala ya mwanga. Ndani ya chembe za utumbo wakaona virusi tele. Baadaye viliitwa rota, kwa sababu vinafanana na gurudumu, na rota kwa Kilatini ni gurudumu.

Kutoka siku ile mpaka chanjo kufika kwetu ilipita miaka 40. Tanzania ilianza kuwapa watoto chanjo ya rota mwaka 2013. Ni matone ya mdomoni, mtoto akiwa na wiki 6 na tena wiki 10.

NA MAJIBU YALIKUWA NINI?

Watafiti wa nchi zile 8 walitoa majibu mengi, na mengine yalitoka mwaka 2018 baada ya kutumia ile kadi. Kijidudu kilichoongoza kwa kuharisha watoto kilikuwa bakteria aitwaye shigela, ambaye mara nyingine huleta kuhara damu. Nyuma yake walikuwapo virusi vya sapo, rota na adeno, na bakteria mwingine wa jamii ya koli. Ona kwamba virusi ni wengi. Na virusi haviuawi na vidonge vya bakteria. Mama anayenunua vidonge dukani kila mtoto anapoharisha mara nyingi anatupa fedha yake. Mtoto huyo anahitaji maji yenye chumvichumvi za pakiti, pakiti iliyoandikwa lita 1 ichanganywe na maji safi lita 1, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya. Akiharisha damu, au macho yakibonyea, au akishindwa kunywa, aletwe kituoni siku hiyo hiyo.

Watu wengine husema, "Mtoto wangu alipewa matone ya rota na bado aliharisha, basi chanjo ni uongo." Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, kuharisha kuna vijidudu vingi, na matone yale yanazuia rota tu. Pili, ni kweli kwamba chanjo hii inashika kidogo zaidi kwetu kuliko Ulaya. Majaribio yaliyofanywa Malawi na Afrika Kusini, majibu yake yakatolewa mwaka 2010, yalionyesha kwamba ilipunguza kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 61. Malawi peke yake ilikuwa asilimia 49. Ulaya ilikuwa zaidi ya 85. Hakuna aliyeficha hesabu hiyo. Hata hivyo, ukiondoa nusu ya watoto wanaoletwa hospitali wakiwa wamekauka maji kwa sababu ya rota, umeondoa makaburi mengi.

Kuanzia mwaka 2017 utafiti mwingine ulifanywa Haydom kwa watoto 1,188. Waliuliza: tukiwapa watoto wachanga dawa za kuua vijidudu vya tumboni, pamoja na vitamini ya aina fulani, watakua zaidi? Jibu lilikuja: hapana, hawakurefuka zaidi ya wenzao. Mimi jibu hili nalipenda. Watu walifanya kazi miaka kadhaa, wakatumia fedha nyingi, na mwisho wakasema wazi kwamba dawa haikusaidia. Muuza dawa wa mnadani Katesh hawezi kukuambia hivyo.

NA NG'OMBE JE?

Mfugaji mmoja wa Basotu aliniuliza kama ng'ombe nao wana kingamwili. Wanazo. Wengi mnakumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, ambayo ilitoa mimba za ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuua zaidi ya watu 100 katika nchi yetu, mikoa ya Arusha, Manyara, Dodoma na Morogoro ikiwamo. Kirusi chake kilitambuliwa mara ya kwanza Kenya, karibu na Naivasha, miaka ya 1930 na 1931. Damu ya ng'ombe ambaye hajachanjwa ikionyesha kingamwili za homa hiyo, wataalamu wanajua kwamba kirusi kimepita katika kundi, hata kama mwenye ng'ombe hakuona kitu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina watu wanaochunguza virusi vya mifugo na vya binadamu kwa pamoja, mmoja wao ni Profesa Gerald Misinzo. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi hii ni ya Wazungu tu.

ILE KARATASI

Hapa nazungumza na wewe uliyejifunza kusoma ukubwani. Mtafiti hawezi kuanza kazi nchini mpaka apate kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Na akifika kwako ni lazima alete karatasi ya kukuomba ridhaa. Zamani wengi waliweka dole gumba tu. Sasa soma. Karatasi ieleze wanatafuta nini, watachukua damu kiasi gani, itakwenda wapi, na itakaa huko muda gani. Kama haielezi, uliza. Una haki ya kukataa, na ukikataa mtoto wako atatibiwa kama wengine. Una haki ya kukubali leo na kuacha kesho.

Yule bibi nilirudi kwake baada ya miezi 2, bila sindano. Nilimpa shikamoo, nikakaa juu ya kigoda, nikamweleza habari ya namba, ya vishimo 96, na ya rangi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa katika vitabu vyangu: "Na majibu yanarudi kwa mwenye damu, au yanabaki huko huko?"

Nikamwambia ukweli. Kipimo cha surua majibu yake hurudi zahanati, ingawa mara nyingine huchelewa mpaka mtoto ameshapona. Kwa utafiti, mara nyingi jibu la mtoto mmoja mmoja halirudi. Hurudi jibu la wote kwa pamoja, na wakati mwingine linaishia wilayani kwa Kizungu. Akasema, "Basi hilo waambie." Nami nimeliandika hapa.

Mjukuu wake alikuwa hajapata chanjo ya pili ya surua, ile ya miezi 18. Alimleta Jumanne iliyofuata.